Viatu Namba Arobaini na Saba

Jumatatu, 2
Kambi imefunguliwa leo na mvua imefunguka nayo. Wachezaji ishirini na wawili, masanduku tisa, mashine mbili za kufulia, moja inavuja. Katibu kanipa daftari jipya la kuorodhesha vifaa, lakini vifaa vyangu vinaenea nusu ukurasa kwa siku. Nusu inayobaki nitaijaza maneno yangu mwenyewe. Atakayeisoma bila ruhusa na ajue kaingia jikoni kwa watu.

Mimi ndiye mtunza vifaa wa timu ya taifa, mwaka wa kumi na moja huu. Wachezaji huniita Shangazi. Kwa miaka yote hiyo sijawahi kusahau hata soksi moja. Wenzangu wa timu nyingine wameshasafiri bila glavu za kipa, bila jezi za akiba, mmoja alifika ugenini na sanduku la mapazia ya mkewe. Mimi, hapana.

Mechi ni Jumamosi ya tarehe 28, ugenini. Tukishinda tunakwenda fainali za bara, jambo ambalo halijatokea tangu niolewe. Sare haitusaidii kitu. Washambuliaji walioitwa ni wanne, waliofika watatu. Wa nne, Risasi, amevunjika mguu juzi kwenye ligi.

Jumanne, 3
Mvua. Sabuni imechelewa. Nimefua kwa vipande.

Alhamisi, 5
Sheria za stoo yangu ni mbili na kila mwaka nazisoma upya. Ya kwanza: kila mchezaji akitoka mazoezini analegeza kamba, anagonga tope, anaweka viatu mlangoni kwangu. Ya pili: hakuna anayesafiri na viatu vyake mkononi. Vyote viko kwangu, sanduku la tano, jozi mbili kila mtu, mpaka chumba cha kuvalia. Sheria hii niliitunga baada ya beki mmoja kuacha vyake chini ya kitanda cha hoteli.

Leo jozi ishirini na moja zimekuja kama inavyotakiwa. Jozi ya Kimya imekuja imefungwa kamba vilevile, tope hadi kisigino, kama mtu aliyejichomoa mguu na kwenda zake. Kimya ni mshambuliaji, ana miaka ishirini na tisa, mguu wake ni namba arobaini na saba, na ni mpana kama mwiko. Viatu vyake huagizwa peke yake. Nilimwita nikampa vidonge vyake: hapa hakuna mjakazi, na kama ameota mapembe ayaache nyumbani kwa mama yake. Akasema samahani Shangazi, akaondoka polepole, kama hana shida na mtu.

Jumamosi, 7
Limetokea jambo la kuchekesha, ila hakuna aliyecheka. Imekuja barua kwamba Pacha, mshambuliaji wetu wa pili, hawezi kucheza kwa sababu ana kadi mbili za njano. Kadi zenyewe ziko kwenye faili la Katibu tangu mwaka jana. Katibu anasema faili lililowana. Pacha amefungasha akaondoka hata chai hajanywa, na mimi nimeondoa jezi namba tisa kwenye orodha.

Jumapili, 8
Nimekwenda nyumbani. Mume wangu, mzee wangu, alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume, mkono mmoja ukutani, kama kawaida yake. Watoto wa jirani wamezoea, hawamcheki tena. Tumekula, tumelala mchana, nimerudi kambini.

Jumanne, 10
Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka majina. Kocha alishinda ofisini akipekua ligi nzima kutafuta mshambuliaji wa kuongeza. Amerudi mikono mitupu. Klabu kumi na sita, washambuliaji wanaoanza ni wageni kumi na wanne, na wenyeji wawili ndio hao Risasi na Pacha. Wengine wote wanaota kutu kwenye benchi. Kocha ni mtu mpole, hapendi makelele, lakini leo alipiga mlango. Kasema nchi hii inazaa mabeki kama mahindi, na mwenye kufunga goli tunamnunua kwa jirani. Orodha ikafungwa na washambuliaji wawili: Bwana Harusi na Kimya.

Alhamisi, 12
Sasa ni mmoja.

Bwana Harusi, tunayemwita hivyo kwa sababu kaoa wiki moja kabla ya kambi, ameteguka kifundo cha mguu kwenye korido ya mabweni akicheza mpira wa soksi. Soksi zangu. Jozi nne zimeviringishwa ndani ya nyingine, nilizitafuta tangu jana. Sakafu ilikuwa na maji ya mvua. Mguu umevimba kama mkate. Nilikwenda kumgombeza nikamkuta analia kwa kwikwi, mwanamume mzima na pete yake mpya, nikakaa kitandani kwake nikamshika kichwa. Soksi nitafua.

Ijumaa, 13
Kufa kufaana. Tangu asubuhi waandishi wa habari wako getini wanamtaka Kimya. Gazeti limemtoa ukurasa wa mbele. Miaka saba anaitwa timu ya taifa, miaka saba anakaa benchi nyuma ya Risasi na Pacha, hajaanza hata mechi moja, na leo taifa zima limeegemea bega lake. Nami kwa kweli nilitaka kumfurahia. Lakini jioni viatu vimekuja tena na kamba zimefungwa. Mpishi kasema umaarufu ni pombe. Nikamwambia huyu hata kunusa hajanusa, ameshalewa.

Jumamosi, 14
Mvua tu. Nimejaza magazeti ndani ya viatu vyote ili vikauke. Uso wa Kimya uko ndani ya kiatu cha kipa.

Jumatatu, 16
Nimeona kitu, na sijui nikiweke wapi.

Uwanja ulikuwa tope tupu, kwa hiyo nilikagua meno ya chini ya viatu vyote nione yaliyolika nibadilishe. Mimi viatu nasoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Najua nani mvivu wa kukimbia na nani anaburuza kisigino. Kiatu cha kushoto cha Kimya kimelika hadi karibu na soli. Cha kulia kiko kama kimetoka dukani. Siku kumi na nne za mazoezi, na mguu wa kulia haukanyagi.

Nikakumbuka anavyokaa. Wenzake wanajibwaga sakafuni, yeye anatafuta meza, anaegemea. Nikakumbuka zile kamba. Mtu asiyeweza kukunja goti atazifikia vipi? Na mimi nikamtukana hadi mama yake. Usingizi umekataa.

Jumanne, 17
Nimemwita stoo, nikafunga mlango, nikaweka vile viatu viwili mezani, soli juu. Alivitazama muda mrefu, kisha akakaa juu ya sanduku, mguu wa kulia umenyooka mbele.

Goti lilimpata mwezi uliopita. Alikwenda kwa daktari wa mbali, asiyejulikana na watu wa mpira. Akaambiwa mshipa unaoshika goti umechanika nusu na zaidi. Atulie, apasuliwe, miezi tisa arudi. Akicheza nao na ukakatika wote, mpira basi, na kutembea kwenyewe kutakuwa kwa kubahatisha. Tangu hapo anajifunga bandeji chini ya soksi ndefu, na siku za mazoezi mazito anachomwa sindano ya ganzi zahanati ya nje. Daktari wa timu alimpima siku ya kwanza akiwa ametoka kuchomwa. Hakuona kitu.

Nilimwuliza kama ana akili timamu. Akanijibu taratibu, kama ananifundisha kuhesabu.

"Shangazi, miaka saba nimevaa jezi hii chini ya koti. Mama yangu ana picha zangu zote za timu, na zote nimekaa. Nataka moja nimesimama kwenye mstari, wimbo unapigwa. Baada ya hapo goti lifanye litakalo."

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema methali anazijua. Akaniomba niape kwamba sitamwambia mtu yeyote, si Kocha, si Daktari. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu akanishika mkono. Nikaapa. Mungu anisamehe, nikaapa.

Kabla hajatoka niliinama juu ya vile viatu mezani, nikavifungua kamba mwenyewe.

Jumatano, 18
Nimetulia kama maji mtungini. Ndani nachemka.

Alhamisi, 19
Kiapo ni cha kutosema. Hakikunizuia kuuliza. Nilimfuata Kocha alipokuwa anachora mishale yake ubaoni, nikamwuliza kama ana mpango wowote iwapo, kwa mfano, tuseme, mshambuliaji wetu hatakuwa mzima. Kalamu ikasimama. Hakugeuka.

"Shangazi," alisema, "nina mmoja. Usiniletee habari ya mguu wa mtu."

Basi anajua. Au anajua kwamba kuna kitu cha kujua, na amekizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi. Nilikuwa namwona Kocha mpole. Kumbe kuna upole mwingine ni wa kufumba macho. Lakini nami nimlaumu kwa mdomo upi? Nimefumba wangu vilevile.

Jumapili, 22
Nyumbani. Mzee wangu, kabla hajawa seremala, alikuwa winga. Alicheza fainali moja ya kombe na goti lililochomwa sindano, dakika ishirini, likakatika. Tulikuwa hatujaoana. Mimi nilimkuta na fimbo. Miaka thelathini sijawahi kumwuliza ninayotaka kumwuliza, kwa sababu kuna mambo mke huyapita kimyakimya. Leo nimemwuliza. Sikumtaja mtu.

Nilimwuliza kama siku ile angetokea mtu wa kumzuia, angekubali. Aliendelea kupiga randa ubao wake.

"Nisingekubali. Ningempiga." Kisha akapuliza mabaki ya mbao. "Lakini nilicheza dakika ishirini, mke wangu. Dakika ishirini hizo nimezishuka ngazi miaka thelathini."

Hakuniuliza kwa nini nauliza. Ameishi nami muda wa kutosha.

Jumanne, 24
Mechi ya majaribio. Kimya kafunga mawili. Makelele hadi barabarani. Kocha kakumbatia kila mtu, hata mpishi. Nusu saa baadaye nilimkuta Kimya nyuma ya chumba cha kukaushia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameuma taulo. Aliniona akalitoa mdomoni akatabasamu. Nilimwambia bado siku nne, aache. Akasema bado siku nne tu, ajikaze kisabuni. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alhamisi, 26
Leo nimefungasha. Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Ninavyofungasha ni hivi. Kila sanduku lina karatasi ndani ya kifuniko. Ninasoma jina, ninaweka kitu, ninatia alama. Nikimaliza natoa vyote, narudia kwa kusoma kutoka chini kwenda juu. Sanduku la tano, viatu. Nilianza na kipa. Nikafika jina la Kimya. Jozi zake mbili zilikuwa kwenye mfuko wake mwekundu, kwa sababu haziingii kwenye mifuko ya wengine.

Nilisoma jina lake. Nikatia alama. Nikauweka mfuko rafu ya juu, nyuma ya makopo ya rangi ya uwanjani, nikaijaza nafasi yake sandukuni kwa taulo mbili. Nikarudia kutoka chini kwenda juu, nikatia alama ya pili.

Nilikaa chini baadaye, nikaitazama ile rafu. Nikajiambia bado kuna muda wa kuuchukua. Nikajiambia hivyo mpaka gari la mizigo likaja.

Ijumaa, 27
Tumesafiri salama. Huku nako mvua. Kimya kanibebea begi langu ngazi za hoteli bila kuombwa. Sikula.

Jumamosi, 28
Chumba cha kuvalia, saa mbili kabla ya mechi. Nilifungua masanduku moja moja kama kawaida. Jezi, soksi, vikinga ugoko. Sanduku la tano. Nikagawa viatu.

"Vyangu viko wapi, Shangazi?"

"Nimesahau, mwanangu."

Kuna mmoja alicheka, akidhani natania. Katibu akachukua karatasi ya kwenye kifuniko, akaisoma, akaniuliza mbona kuna alama. Nikasema sijui, labda uzee. Kocha akatuma mtu kwa wenyeji wetu: kiatu chao kikubwa kuliko vyote ni arobaini na tano. Kimya akajaribu vya Ukuta, beki wetu wa kati, arobaini na nne, akasukuma mpaka jasho likamtoka. Akasema apewe kisu akate kidoleni. Mkaguzi wa waamuzi alikuwa mlangoni akatikisa kichwa, kiatu kilichokatwa hakiingii uwanjani. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mechi, na hata yangekuwa wazi nani anauza ndoo za kuvaa miguuni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Sikuwa nimejiandaa kwa jinsi alivyokaa. Alikaa akatazama sanduku langu lililopangwa vizuri, taulo mbili zimekunjwa pembe kwa pembe mahali pa mfuko wake. Akazitazama taulo. Kisha akanitazama mimi, na hapo nikajua amejua.

Hakusema. Angeweza, na hakusema.

Ukuta akavishwa jezi ya mshambuliaji. Alicheza kwa moyo wote, maskini, alikimbia kama kabati linalosukumwa, na kipindi cha pili alipata mpira wa kichwa akiwa peke yake mbele ya goli lao, golini kwetu angeutoa nje na angepigiwa makofi, na kwa mazoea ya miaka kumi akautoa nje. Sufuri kwa sufuri. Tumetolewa.

Wimbo wa taifa ulipopigwa, Kimya alikuwa amekaa benchi na makubazi, koti juu ya jezi. Sitaki kusema zaidi juu ya hilo.

Jumapili, 29
Uwanja wa ndege. Wachezaji wote wamenipitia kando. Kimya akaja akakaa kiti cha pili kutoka kwangu.

"Uliapa," akasema.

"Niliapa kutosema. Sijasema."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

Tukaitwa kupanda ndege. Alikuwa analia bila sauti, na sikuthubutu kumgusa.

Jumatatu, 30
Kila redio ni mimi. Muuza mboga hajanitambua, kaniambia yule mama anastahili kufungwa. Nikamwambia kweli kabisa, nikalipa nyanya zangu.

Jumanne, 31
Nimeitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti, Katibu, Kocha, na wazee wawili ambao sijawahi kuwaona uwanjani. Mwenyekiti ni mtu wa haki kwa namna yake. Alisema kusahau ni ubinadamu, miaka kumi na moja si haba, nitapewa barua ya onyo na msaidizi wa kunikumbusha. Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilibaki nitie sahihi.

Mlango ukagongwa akaingia Kimya. Hakuitwa. Akasema anaomba dakika moja, akavuta suruali hadi juu ya goti, akafungua bandeji. Sijui kama wale wazee walishaona goti la namna ile. Lilikuwa na rangi ya bilinganya. Alieleza yote, sindano, zahanati, kiapo alichoniapisha. Alisema kama angecheza goti lingekatika, na kama ni lawama basi igawanywe. Kocha alikuwa anatazama dirishani muda wote.

Mwenyekiti akanigeukia. Akaniuliza kwa upole mkubwa, na nilijua ananipa njia ya kutokea: je, mama, viatu ulivisahau, au uliviacha? Akasogeza ile barua kwangu, na kalamu juu yake.

Ningesema nilisahau ningekuwa kazini kesho. Kila mtu mle ndani alitaka niseme hivyo, hata Kimya alikuwa ananikazia macho. Lakini nilimtazama Kocha pale dirishani, nikaona hivi ndivyo inavyokuwa, mtu anageuza shingo kidogo tu na maisha yanaendelea. Sikutaka shingo ya namna hiyo.

"Niliviacha," nikasema. "Nilitia alama mara mbili, nikaviacha."

Katibu akaichukua ile barua akaichana katikati, taratibu, akatoa karatasi nyingine tupu akaanza kuandika. Nimefukuzwa kazi saa tano na robo asubuhi.

Mzee wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nimefanya vema wala vibaya. Alinitengea chai, jambo ambalo hulifanya mara moja kwa mwaka.

Jumamosi, 18
Sikuandika muda mrefu kwa kuwa sina vifaa vya kuorodhesha. Daftari limebaki nami, hakuna aliyelidai.

Kimya alipasuliwa wiki iliyopita. Daktari aliyempasua kasema mshipa ulikuwa umebaki kama uzi wa kushonea kifungo. Atacheza tena, huenda. Kutembea, atatembea.

Leo kaja nyumbani kwetu na magongo mawili. Alipanda ngazi zote peke yake, mzee wangu akimsubiri juu bila kumsaidia, kwa sababu anajua. Nilimpa kiti akakataa. Alisimama katikati ya sebule yangu ndogo, kichwa karibu na taa, akasema amekuja kuniambia ukweli ili usimkae rohoni. Hajanisamehe. Kila usiku anausikia ule wimbo. Nafasi ile ilikuwa yake, na goti lilikuwa lake, na mimi nilimchukulia vyote viwili bila kumwuliza.

Nikamwambia yote hayo ni kweli, sina la kujitetea.

"Bado nina hasira na wewe, Shangazi."

"Kuwa nayo, mwanangu. Ila uwe nayo hivyohivyo, umesimama."

Hakucheka. Alitazama magongo yake, akatazama miguu yake miwili. Mzee wangu akaenda kuweka maji ya chai jikoni, na Kimya hakuondoka mpaka mvua ikakatika.